Moshi Usiohama

Injini ilikohoa, ikanyamaza, na papo hapo upepo ukaugeuza mtumbwi ubavu. Kokwijuka alishikilia ukingo kwa mikono miwili huku mabati ya duka la kijiji cha ujamaa, kule kisiwani Bumbire, yakiteleza na kutumbukia ziwani. Moja lilimpiga Mujuni, mwenye mtumbwi, likamvunja mkono. Mawimbi yaliwasukuma mchana kutwa, kisha yakawabwaga kwenye kisiwa kidogo cha mawe, kisicho na mti wala nyumba. Bukoba, walikotoka, ilikuwa imemezwa na ukungu. Hakuna aliyejua tena nchi kavu iko wapi.

Abiria mwenzake Kokwijuka alikuwa Parvati, mjane mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa akipeleka majora hukohuko Bumbire.

Kokwijuka alimfunga Mujuni mkono kwa kanga na kipande cha ubao. Maji ya kunywa yalikuwa tele. Chakula kilikuwa samaki wachache walionaswa kwa ndoana na kukaushwa juani juu ya mwamba. Parvati hakuwagusa. Alieleza kwa upole kwamba dini yake haimruhusu, akatafuna tu punje za kahawa kavu alizogawiwa na Kokwijuka. Siku zilivyopita mashavu yake yalibonyea. Kokwijuka, ambaye kijiji chao kizima cha Kagondo kilimjua kwa kushika dini, alimwona mkaidi. Yeye alisali rozari amefumba macho. Parvati kila alfajiri alisimama kwenye jiwe lilelile, akachota maji kwa viganja na kulimiminia jua, macho wazi.

Asubuhi moja Parvati alirudi mbio, akasema ameona moshi, kulia mwa jua.

Mujuni, homa imempanda, hakuinuka. Alisema hao ni vijidudu vya ziwani. Huruka kwa makundi yanayofanana na moshi, na wavuvi wengi wameyafuata wakapotelea kilindini.

"Vijidudu huhama na upepo," Parvati alisema. "Huu jana ulikuwa palepale. Juzi pia. Mimi nasimama mahali pamoja, mama. Ungehama ningeona."

Kokwijuka alipanda kwenye lile jiwe. Aliona kitu chembamba, cha kijivu, asingeweza kuapa ni nini. Akageuka kumtazama Mujuni. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kuanza kuwa vyeusi.

"Tunakwenda," alisema.

Walimlaza Mujuni mtumbwini, wakaondoka kwa kupiga kasia moja na ubao. Walipofika mbali moshi ukapotea, na Kokwijuka akaingiwa na hofu, akataka kugeuza. Parvati, aliyekaa mbele, alinyoosha mkono na hakuushusha. Mikono ya Kokwijuka ilichubuka hadi damu. Kisha upepo ukaleta harufu ya samaki wanaobanikwa, na nyuma yake ufuo.

Wanawake waliingia majini kuuvuta mtumbwi. Mujuni akapelekwa kwa mganga wa mifupa. Wageni wakaandaliwa samaki, na mwenyeji mmoja alipoona Parvati amesukuma sahani kando, akauliza kwa Kihaya kama Mhindi huyu anawadharau.

"Hapana," Kokwijuka alisema. "Anashika dini."

Akasimama, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba ndizi.