Chupa ya Mrehani

Lifti ya jengo la maabara ilikwama saa ya chakula cha mchana, ikiwa imejaa pomoni. Mtafiti, koti jeupe juu ya gauni la samawati, alibanwa kwenye kona huku jasho la hofu likimtiririka. Mlango ulipofunguliwa kwa nguvu, alisimama fundi lifti mwenye ovaroli ya kijivu na kicheko cha karibu.

"Polepole, mrembo. Nipe mkono." Akanusa. "Mbona unanukia bustani nzima?"

"Mafuta ya mrehani. Ndiyo kazi yangu."

"Basi kesho naikwamisha tena."

Hapo moyo wa dada wa watu ukaenda na maji. Simu zikawa haziishi, "umekula, mpenzi?" asubuhi na jioni. Siku moja mtafiti akamweleza kwamba maabarani wanapima kama kuvuta harufu ya mafuta yale kunasaidia wenye sonona. Fundi, msemaji yule, akaaga mapema.

Jumatatu mtafiti akamkuta kwenye foleni ya waliojitolea kupimwa.

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu mama afariki. Nikirudi chumbani nahisi nimefungiwa kwa nje. Usinionee huruma tu."

Kanuni ilikuwa moja: mpenzi wa mpimaji hashiriki. Akifungua mdomo, fundi anatolewa. Akimwambia fundi mwenyewe, huyo atajitoa ili kumlinda yeye, na fundi anahitaji kupona. Basi akampa chupa ya mafuta ya kunusa chumbani, akameza siri yake, na ili wasiwe wapenzi tena, tangu siku ile hakupokea simu yake. Aliitazama ikilia mpaka inyamaze.

"Nimekukosea nini?" fundi aliandika. Hakujibiwa.

Kila wiki walikaa meza moja kama wasiojuana.

"Unalala?"

"Nalala vizuri sana, daktari."

Mtafiti alitabasamu, kisha akajifungia chooni kulia. Alitamani kukimbia, lakini kwenda wapi? Alijipa moyo kwamba angalau mwenzake anapona.

Siku ya kurudisha chupa, fundi aliweka yake mezani. Utepe wa kifuniko ulikuwa mzima, mafuta yamejaa.

"Hukuifungua!"

"Ningeifungua, chumba kizima kingenukia wewe. Na wewe hupokei simu."

"Si ulisema unalala?"

"Nikisema hivyo ulikuwa unatabasamu. Sikuwa na kingine chako."

Jamani! Machozi yalimtoka mtafiti bila kujali wanaotazama. Akamweleza yote, kanuni na ukimya wake.

"Mimi nilidhani umeuona ugonjwa wangu ukanikimbia," fundi akasema.

"Nilikuachia nafasi ya kupona, mpenzi wangu. Kumbe nimekuumiza."

Akavua koti, akamgeukia mkuu wa maabara aliyekuwa anapita. "Huyu ni mpenzi wangu. Majibu yake yafuteni, yote si ya kweli. Na mimi nitoeni, nilijua nikanyamaza."

Mtafiti akamrudia fundi.

"Sasa niambie ukweli. Jana ulilala?"

"Sikulala."

"Haya. Daktari wa sonona yuko ghorofa ya juu. Nitaingia nawe, na nikitoka nitatoka nawe."

Walifika kwenye lifti. Mlango ulifunguka, fundi akasita.

"Huogopi tena?" akauliza.

"Ikikwama, fundi ninaye."

"Fundi mwenyewe amekwama, mpenzi."

Mtafiti akamshika mkono, akamwingiza ndani.

"Basi tumekwama wote. Bonyeza."