Mwanakwaya Asiye na Jina

Jioni ile nilishuka Kamukuywa nikiwa na hasira hata salamu za watu zilinichosha. Dkt. Mbogo, msimamizi wangu chuoni Kitale, alikuwa amenirudishia tasnifu mara ya tano. Mara ya tano! Miaka mitatu nimeandika juu ya kwaya, maigizo na dansi za chuo kikuu kimoja cha Marekani, miaka ya 1910, kwa sababu mmishenari aliyeleta nyimbo zile Bungoma aliimba katika kwaya hiyo. Sasa shahada yangu imekwama kwenye picha moja.

Picha hiyo ya zamani nilikuwa nimeinakili kwa simu ukutani kwa Kukhu Rosaline, nyanya wa Kibukusu ambaye babake alimpikia mmishenari huyo alipozeeka. Vijana Wazungu wamesimama, kola ndefu, midomo wazi. Majina yao yako nyuma, ishirini na mawili. Lakini wa mwisho mkono wa kulia ni Mwafrika, na hana jina.

"Weka jina lake na idadi kamili ya waimbaji," Mbogo aliandika kwa wino mwekundu. "La sivyo, Jumatatu usije."

Kukhu alikuwa uani akipura maharagwe.

"Picha iko kwa ukuta, mama. Angalia tu. Usihesabu. Watu hawahesabiwi."

Hilo nililijua. Hata cucu, nyanya yangu wa Kiminini, alikuwa akikupiga kofi mkononi ukihesabu watoto. Lakini mwiko haujawahi kumpa mtu digrii. Nikaingia ndani, nikanyoosha kidole.

Moja. Mbili. Tatu...

Chumba kikaanza kunuka nta ya sakafu. Na sakafu ya Kukhu ni ya udongo.

Nilipofika kumi nikasikia pumzi. Watu wengi wakivuta pumzi pamoja, kama kwaya kabla ya kuanza wimbo. Nikaendelea, kichwa kigumu. Ishirini. Pumzi ikavutwa tena, wala haikutolewa. Ishirini na moja...

Leso ya Kukhu ikafunika picha.

"Usimalize," Kukhu alininong'oneza.

"Kukhu, nataka jina la huyu mmoja tu. Nisaidie."

"Huyo ni Zachary."

"Zachary nani? Alienda Marekani lini?"

"Marekani gani, bana? Si ni ndugu yangu. Alizaliwa mwaka ya uhuru. Alikuwa anabishana na watu ati picha iko na wangapi. Akahesabu, akamaliza. Tukamzika Ijumaa. Jumamosi nikaona yeye hapo."

Nilitaka kulia, na haikuwa kwa hofu. Nilikuwa nimepata jina, na halikuwa na kazi. Ni msimamizi gani angelikubali?

Jumapili jioni nilimtumia Mbogo sura yenye picha ile nikiwa nimeandika, "Jina halijulikani." Idadi nikaiacha wazi. Mbogo alipiga simu papo hapo.

"Wacera, huu ni uvivu ama ni dharau? Mtoto wa nasari anaweza kuhesabu! Digrii utaiona kwa wenzako."

Ningemwambia. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini miaka mitatu ya wino mwekundu ilinipanda kooni.

"Basi hesabu mwenyewe, Daktari."

Akaanza, kwa sauti, kunionyesha. Moja, mbili... Harufu ya nta ikajaa chumbani kwangu. Ningepiga kelele. Sikupiga.

"Ishirini na tatu! Unaona? Ilikuwa kazi gani?"

Nyuma yake, watu wengi wakavuta pumzi.

Akakata simu.

Asubuhi mlinzi alimkuta mezani ofisini, miwani usoni, mdomo wazi. Daktari wa hospitali alisema ni moyo. Ijumaa tukamzika, na mimi nikasimama kaburini na wengine nikijifanya nalia kama wao. Picha ile sijaifungua tena.

Nilipewa msimamizi mpya, Dkt. Chemutai. Mama mpole, hatumii wino mwekundu. Ndiye mtu wa kwanza pale chuoni kuniambia kazi yangu ni nzuri. Leo mchana amenirudishia tasnifu, na kando ya picha ameandika kwa penseli:

"Wacera, pole kwa usumbufu wote. Marehemu aliacha ameandika ni ishirini na tatu, lakini huyu mwenye miwani pale mwisho ni nani? Usijali, nitawahesabu mwenyewe leo jioni."

Nampigia tangu saa kumi. Sasa jua linazama, na simu inaita tu.