Vuta Mara Mbili

Mwezi wa kufungua shule, fundi wa nguo pale Kitengela hana mgongo wake mwenyewe. Mgongo ni wa wateja. Mwihaki alikuwa ameshona sketi za kijivu tangu Krismasi mpaka akifumba macho aliona marinda. Siku hiyo alitoka kibandani kwenda kutafuta uzi kwa Munguti, mwenye lile duka la zipu na vifungo linalotazama barabara ya Namanga, ambako lori la saruji likipita, hata vifungo vinatetemeka ndani ya chupa. Alivaa gauni la kitenge lililopauka mabegani na sweta ya rangi ya chai ya maziwa, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua.

Duka lilijaa kina mama wa sare. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu wa ovaroli ya bluu, safi lakini magotini imekolea grisi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Alikuwa akimpimia Munguti hewani kwa mikono miwili.

"Urefu hivi. Nyembamba. Na iwe na ncha kali."

"Mzee, hiyo si sindano, hiyo ni mkuki," Munguti akasema. "Huo utafute kwa Wamaasai."

Watu wakacheka. Mwihaki, aliyekuwa amechoka hata kucheka, naye akacheka.

"Kwani unashona nini, ndugu yangu? Tembo?"

Mwanamume akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu wa kazi ya usiku. "Bawa la ndege, mama."

"Ndege inashonwa? Si ni chuma?"

"Si zote. Kuna hizi ndogo za zamani, mbavu ni za mbao, juu ni kitambaa. Tuko na moja huko kiwanjani, ukishapita Isinya. Wanafunzi wa sekondari wanaifufua kila Jumamosi, wajionee kazi za ndege ni gani kabla hawajaambiwa haziwezekani. Shida ni sindano. Wanaishika kama kijiko."

"Na wewe unaishika aje?"

Akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vimefungwa plasta karibu vyote.

"Kumbe tembo ni wewe," Mwihaki akasema, kisha akamwonea huruma. "Enda kwa fundi wa baiskeli pale kona. Mwambie akunolee spoku, atoboe tundu la uzi mwishoni. Hiyo itapita mbavu yoyote."

Mwanamume akamshukuru, akaomba namba yake ya simu, ya kuuliza mambo ya sindano tu. Jioni simu ikalia.

"Ni Wanjala. Yule wa tembo."

"Spoku imeingia?"

"Imeingia. Kwa bawa na kwa kidole."

"Woi! Na hujaoa mtu wa kukufunga hiyo plasta?"

"Aliyekuwepo alienda zamani. Wewe je, kuna mtu wa kukuvua hiyo tepu shingoni?"

Mwihaki akapapasa shingo. Ilikuwa bado pale. Akacheka peke yake jikoni, sufuria ya githeri ikichemka, na akashangaa, maana kicheko hicho alidhani alikiacha Embulbul, kwa mume wa zamani, pamoja na vyombo vingine vya ndoa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kuona. Kiwanja chenyewe kilikuwa ardhi iliyosawazishwa, na banda la mabati ambalo upepo wa Kajiado ulilipiga mchana kutwa. Mlinzi, mzee wa shuka nyekundu, alikuwa akifukuza ng'ombe wa jirani njiani pa ndege. "Takwenya!" akamwamkia. "Iko!" Mwihaki akajibu, kama alivyozoea kuwajibu majirani wa Kimaasai sokoni.

Ndani mlinuka dawa ya kukaza kitambaa, harufu kama ya rangi ya kucha. Vijana walikuwa makundi makundi: wengine wameinamia injini iliyofunguliwa, wengine wanasemezana kwa redio kutoka kona hii hadi ile kwa Kiingereza cha marubani. Katikati, bawa lilisimamishwa wima kama ukuta, jeupe, refu kuliko nyumba ya Mwihaki.

"Hii inashonwa na watu wawili," Wanjala akamweleza. "Mmoja huku, mmoja kule. Hamuonani. Mimi napitisha sindano, wewe unairudisha. Mwenye zamu ya kufunga fundo akimaliza, anavuta uzi mara mbili. Maana yake nimefunga, endelea. Bila hiyo, mwenzako hasongi."

Alimwonyesha fundo lenyewe, nene, lenye kujikunja mara mbili. Mwihaki akaliona baya, kama la kufungia mbuzi, lakini akanyamaza. Akaenda upande wa pili. Sindano ikatokeza kitambaani kama mdomo wa kuku unaodonoa. Akairudisha. Uzi ukavutwa mara mbili.

"Uko sawa huko, fundi?" sauti ya Wanjala ikapenya.

"Niko. Unapumua kwa nguvu kama ng'ombe."

"Ni mapenzi."

"Ni umri, Wanjala."

Upande wake alikaa msichana aliyeitwa Aketch, wa kidato cha pili, soksi zimeshuka. Alicheka mpaka akaangusha mkasi. "Mathee, umempeleka mbio!"

Ndivyo Jumamosi zikawa zao. Mwihaki aliwafunza vijana kushika sindano. Wanjala alimletea chai kwenye themosi, chai ya kwao magharibi yenye majani mengi. Alimtania kwamba watu wa kwao hula viazi tu, naye akamtania kwamba wa kwao hawaachi kuku. Siku za kazi Wanjala alikagua injini Nairobi usiku kucha, na kila asubuhi kabla ya kulala alipiga simu: "Mpenzi, nimefika. Wewe lala, mimi nilale, tuote pamoja." "Mimi ndio naamka, wewe." "Basi niotee macho wazi." Hawakuwa vijana. Kila mmoja alikuwa na goti lake linalouma. Lakini mtu aliyechoka akipata pa kuegemea, hujua thamani ya ukuta.

Sasa sikiliza ilivyoharibika.

Jumamosi moja Wanjala alitoka kazini moja kwa moja bila kulala, akaja kiwanjani, kisha akaenda Kajiado mjini kutafuta brashi. Akamwachia Mwihaki vijana na mbavu zilizobaki. Mwihaki akayatazama yale mafundo ya mbuzi. Huruma ya fundi ikamshika. Akawafunza vijana mshono wake mwenyewe, ule wa kukimbia bila kukatika, kila kitanzi kinashika kingine, fundo moja tu mwishoni, limefichwa. Ulienda haraka, ukalala sawasawa kama nywele zilizosukwa. Aketch akapiga picha.

Wanjala akarudi. Akapitisha kidole kwenye mshono, kutoka juu hadi chini. Akatoa wembe mfukoni, akakata. Akakata tena. Uzi ukamwagika sakafuni mbele ya vijana wote.

"Hii haiwezi kuruka," akasema, kwa sauti ya mtu asiyelala. "Anzeni upya."

Angejua! Mumewe wa Embulbul alikuwa na tabia ya kuonja chakula mbele ya wageni, kisha kusukuma sahani katikati ya meza na kusema, "Nani atakula hii?" Mwihaki aliivumilia miaka. Akaapa hakuna mwanamume mwingine atakayemfumua mbele za watu. Akaokota mkasi wake, akaufuta kwa upindo wa gauni, akatoka. Upepo ukambamiza mlango nyuma yake.

Simu ikalia, hakushika. Ikalia asubuhi, wakati ule wa "mpenzi, nimefika". Hakushika. Ujumbe ukaingia: *Sikukata wewe, nilikata uzi.* Akausoma, akaweka simu chini ya vitambaa, akaendelea na marinda. Lakini nyumba ikawa kimya kwa namna mpya. Alipika githeri kidogo, na bado ikabaki.

Kilichomfumbua macho ni kuku. Alikuwa na kuku wachache nyuma ya kibanda, akanunua mfuko wa chakula chao. Akakata ncha ya uzi mdomoni mwa mfuko, akavuta, kama avutavyo kila mtu: trrrr! Mshono wote ukafunguka mpaka mwisho, chakula kikamwagikia miguu yake.

Mwihaki akasimama, uzi mrefu mkononi. Ni mshono wake. Kitanzi kinashika kitanzi, kimoja kikiachia, vyote vinaachia. Akaliona bawa lile jeupe juu ya tambarare, na Aketch ndani ya ndege na soksi zake zilizoshuka. Akakaa chini palepale, kuku wakimdonoa viatu.

Akapiga simu.

"Halo?" sauti nzito. "Mwihaki?"

"Nimefungua mfuko wa chakula ya kuku."

"Sawa..."

"Nimevuta uzi moja, Wanjala. Moja tu. Ikafunguka yote."

"Eeh, mpenzi. Ndiyo hivyo. Hayo mafundo mabaya, kila moja linajishika lenyewe. Moja likikatika, mengine hayaendi nalo."

"Na hukunieleza."

"Nilikuonyesha fundo."

"Ulinionyesha fundo, hukunionyesha sababu. Halafu ukanifumua mbele ya watoto." Akamweleza ya Embulbul, sahani na yote. Hakuwahi kumwambia mtu.

Wanjala akapumua. "Huko kazini, kazi mbaya hukatwa hadharani. Mzee aliyenifunza alinikatia hivyo. Nikaenda nikalia chooni. Nikajua ndivyo watu hufunzwa."

"Ulilia chooni, na bado ukaona ni vizuri?"

"Sasa... ukiuliza hivyo. Kukata, ningekata tena, Mwihaki. Hiyo siwezi kukudanganya. Lakini ningekuita kando kwanza. Nimekukosea."

"Nami karibu niue watoto wa wenyewe kwa urembo. Jumamosi nakuja. Na nitakagua zako."

Alikuja na gauni jipya la bluu na kitambaa cheupe kichwani, miwani puani. Akapita mafundo ya Wanjala moja moja, vidole vikisikiliza. Akasimama. Akamwita nje, mahali upepo unapobeba maneno.

"Ile ya karibu na ncha. Imeteleza. Ulifunga ukiwa na usingizi."

Wanjala akarudi ndani, akalishika, akaona. Akawaita vijana wote, akatoa wembe. "Hili ni langu. Haliwezi kuruka," akasema, na akalikata mwenyewe. Kijana mmoja akanong'ona, "Mwalimu pia hukosea?" na Aketch akamjibu, "Si ndio maana kuna watu wawili, we!"

Wakaanza upya, Mwihaki huku, Wanjala kule. Sindano ikaenda, ikarudi. Jua likapasha mabati. Mwihaki akapitisha sindano tena, haikurudi.

"Wanjala, sindano."

"Ninayo."

"Si uirudishe?"

"Nijibu kwanza. Nimechoka kupiga simu nimefika. Nataka kufika tu, nikukute. Utakubali kuolewa na mimi?"

Vijana wa injini na wa redio wakageuka. Aketch akafunika mdomo.

"Watoto wanangoja, baba."

"Wacha wangoje. Nami nangoja."

Mwihaki akautazama uzi uliotoka kitambaani, uliolegea mikononi mwake. Akafunga fundo, lile nene la mbuzi, akalikaza taratibu mpaka likashika.

Kisha akavuta mara mbili.

Ncha ya sindano ikatokeza kitambaani, ikingoja mkono wake.