Mgongo wa Devis

Jumapili ya kwanza ya Novemba, baa ya Renza kule Treviso, kaskazini mwa Italia, haikuwa na pa kutia mguu. Waendesha baiskeli walikuwa wamerudi wote kwa mpigo, mvuke unawatoka migongoni, viatu vyao vinagonga sakafu ka-ka-ka, na kila mmoja anataka kahawa yake kabla ya mwenzake. Ilenia alikuwa ameshapata ya kwake. Alikuwa amevaa koti jekundu la kubana, nywele kazikusanya juu kwa kibanio, mashavu yamemwiva kwa baridi. Ndipo akasimama mbele yake mwanamume mwenye uso wote tope, kinachoonekana ni macho na meno.

"Samahani, bibie. Ile baiskeli ya kijani pale nje ni yako?"

"Ni yangu. Imekukosea nini?"

"Imenitapikia tope tangu Conegliano mpaka hapa."

"Kwani nani alikulazimisha ukae nyuma yangu?"

"Nilikuwa nakimbia upepo. Sikujua nakimbilia bomba la maji machafu!"

Baa nzima ikacheka. Ilenia akaona haya, maana kosa lilikuwa lake kweli. Kwa watu wa huko, majira ya baridi, asiyefunga madigadi ndefu nyuma ni sawa na anayemkoholea mwenzake usoni. Alichovya kitambaa kwenye glasi ya maji akampa ajifute. Tope lilipotoka, uso uliobaki haukuwa mbaya hata kidogo, na Ilenia akajikuta anauangalia zaidi ya ilivyohitajika.

Jina lake Devis, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Kabla kahawa haijapoa alishaomba chupa tupu ya plastiki kwa Renza, akaikata, akaifunga kwenye madigadi ya ile baiskeli ya kijani. Ilenia, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza nywele za wake za watu, akamwambia vidole vyake vina adabu kuliko mdomo wake. Devis akaomba namba ya simu. Akapewa.

Tangu hapo wakawa pete na kidole. Wakitoka kuendesha, Devis mbele, Ilenia nyuma yake, gurudumu karibu liguse gurudumu. Devis alikuwa na mgongo mpana, na upepo wa Desemba ulipopiga kutoka milimani ulikuta mgongo huo kwanza. Nyuma yake palikuwa na utulivu wa sebuleni.

"Niache na mimi nivute kidogo, mpenzi," Ilenia alisema siku za mwanzo.

"Ukae hapo hapo, malaika. Baridi hii si ya kwako."

"Utachoka."

"Nichoke nikiwa na wewe nyuma yangu? Thubutu!"

Mwanamke gani hapendi kuambiwa hivyo? Ilenia akakaa. Usiku simuni wanataniana mpaka betri zinaomba msamaha. Akajiona amepata mume na mkufunzi kwa mkupuo mmoja, na miguu yake akaiona miepesi ajabu.

Sasa, Ilenia alikuwa na shauku moja iliyomnyima usingizi. Mirella, mama mmoja aliyewahi kushindana enzi zake, alikuwa na timu ya ridhaa ya wanawake, na timu hiyo ilibakiza nafasi moja kwa mashindano ya masika. Mwaka uliopita Ilenia alikataliwa. Na Mirella alikuwa na sheria zake: hapokei mgeni aliyefikisha miaka thelathini na mbili. Ilenia angeifikisha Aprili. Akikosa sasa, amekosa kabisa.

Katikati ya Januari Mirella aliwaita wanaotaka nafasi kwa mazoezi ya kupimana, kwenye barabara ya juu ya tuta la mto Piave, ambako hakuna mti wala ukuta wa kuzuia kitu. Yeye mwenyewe alifuata kwa pikipiki, amejifunga skafu mpaka puani. Kila mwanamke alitakiwa ashike zamu mbele, awakatie wenzake upepo, kisha ampishe mwingine.

"Ilenia, mbele!"

Ilenia akatoka kwenye kivuli cha wenzake. Upepo ukampokea kwa kofi. Alikanyaga pedali, zikawa kama amezifungia matofali. Pumzi ikakatika, macho yakajaa machozi, mstari mzima nyuma yake ukapunguza mwendo. Hata nusu ya zamu hakufika.

Mirella akasogeza pikipiki ubavuni. "Wewe dada, majira haya ya baridi nani alikuwa anakubeba?"

Wenzake wakacheka. Katia, ambaye naye aliitaka nafasi ile ile, akajibu kwa niaba yake: "Devis! Hamumjui? Anamvuta kama kitoroli cha mtoto."

"Mchumia juani hulia kivulini," Mirella akasema. "Wewe umeanza na kivuli. Jumapili ya kwanza ya Februari napima mara ya mwisho. Ukija hivi, usije."

Wakati wa kufunga baiskeli kwenye gari, Katia akamsogelea, sauti ameishusha, utamu umemjaa mdomoni. "Shoga, mimi si mchonganishi. Ila nilimsikia Devis kwa Renza akiwaambia wenzake, 'Ilenia akiingia timu ya Mirella, mimi nitampata kwa barua. Afadhali asiingie.' Nimekuambia tu ujue."

Ilenia hakungoja afike nyumbani. Alipiga simu pale pale kwenye tuta, midomo imekufa ganzi.

"Devis, ulisema afadhali nisiingie kwenye timu?"

"Nani kakuambia?"

"Sijakuuliza nani kaniambia. Ulisema au hukusema?"

"Ilikuwa utani wa baa, mpenzi."

"Na kunikalisha nyuma miezi yote hii, nao utani? Leo nimeaibika mbele ya watu! Miguu sina. Umenilea kama kuku wa kisasa, anakula anashiba, akitolewa nje anakufa!"

"Nilikuwa nakukinga na baridi!"

"Ulikuwa unanifungia! Usinipigie tena, Devis."

Akakata. Halafu akalia, na machozi yakawa ya moto kwenye ngozi iliyoganda. Alimpenda, na hilo ndilo lililomchoma.

Wiki zilizofuata aliendesha peke yake. Kabla ya kufungua saluni, akiwa na taa kifuani, ndani ya ukungu unaoloanisha nyusi. Alichagua barabara tupu na akauelekea upepo makusudi. Siku za mwanzo alirudi anatetemeka hadi funguo zinamponyoka. Simu ya Devis iliita, hakupokea. Ujumbe ulikuja: "Umekula?" Hakujibu, ingawa aliusoma mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri. Usiku aliwaza kwamba yule bwana alijua alichokuwa akifanya tangu mwanzo. Asubuhi aliwaza kwamba labda hakujua. Kati ya mawazo hayo mawili alikanyaga pedali kwa hasira, na miguu, pole pole, ikaanza kumtii.

Ikafika ile Jumapili. Upepo ulivuma kiasi cha kulaza nyasi za tuta. Kama ilivyo desturi, wanaume wachache wa klabu walikuja kuendesha mkiani ili kundi liwe kubwa. Devis alikuwa mmoja wao, amekonda uso, hajanyoa ndevu. Ilenia alimwona, akatazama kando.

Zamu zikaenda. Mmoja akaachwa, akafuata wa pili. Katia alishika zamu mbili nzuri, ya tatu ikamshinda, akarudi nyuma akikohoa.

"Ilenia, mbele!" Mirella akapaza sauti. "Mpaka darajani. Asipokewe na mtu!"

Daraja lilikuwa doa tu kule mbali. Ilenia akainama juu ya usukani, akaingia kwenye upepo. Mapaja yakawaka. Mate yakamganda kidevuni. Alipofika katikati, baiskeli ikaanza kuyumba, na kichwani sauti ikamwambia, acha, ulijaribu. Papo hapo akaona gurudumu la mtu likipanda ubavuni kwake. Hakuhitaji kugeuka.

Devis alishindwa kuvumilia. Alikuwa anapita, mgongo ule mpana unakuja mbele yake, na pamoja nao utulivu, na pamoja na utulivu, kukataliwa.

"Rudi nyuma!" Ilenia akapiga ukelele.

"Utaanguka!"

"Niache nianguke! Devis, ukinipita, mimi na wewe basi. Basi kabisa!"

Kwa muda waliendesha bega kwa bega, upepo unawapiga wote wawili, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha gurudumu lile likarudi. Likapotea ubavuni, likatulia nyuma yake. Ilenia akauma meno, akanyoosha baiskeli, akaendelea kukanyaga mpaka vyuma vya daraja vikapita chini yake.

Alishuka akiwa hajui miguu iko wapi, akaketi kwenye ukingo wa daraja. Mirella akafika, akashusha skafu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Jezi utachukua Jumamosi," akasema, akaenda kuwatazama wengine.

Devis alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa analia waziwazi.

"Nilisema yale maneno," akasema. "Na haukuwa utani. Niliona ukiwa na nguvu zako hutanihitaji. Nilikuwa najidanganya kwamba ni baridi."

"Nilijua," Ilenia akasema. "Nilikuwa nangoja useme wewe." Akajaribu kufungua viatu vilivyombana, vidole vikakataa, vilikuwa vimekufa kwa baridi.

"Nipe," Devis akasema, akapiga goti kwenye tope, akaushika mguu wake.

Kundi lote, lililokuwa linafika kidogo kidogo, likaona mwanamume amepiga goti mbele ya mwanamke. Mtu akapiga mluzi. Makofi yakalipuka daraja zima, na sauti ya Renza, aliyeleta mvinyo wa moto kwa gari lake, ikapanda juu ya zote: "Jamani, hatimaye!"

Devis akageuka, akawatazama, akamrudia Ilenia, kiatu mkononi, masikio mekundu.

"Nilikuwa nakuvua kiatu tu," akanong'ona. "Lakini wameshapiga makofi. Sasa nitainukaje hapa mikono mitupu?"

"Basi uliza."

"Utakubali nikuoe, Ilenia?"

Ilenia akamwacha angoje, angoje, mpaka makofi yakanyamaza na kila mtu akanyoosha shingo.

"Nimekubali," akasema. "Ila siku ya harusi, kanisani naingia mbele. Wewe utanifuata."