Kahawa Iliyochemshwa Mara Mbili

Kila siku niliporudi kutoka shuleni, kabla hata sijavua viatu, nilipitia jikoni kubandika sufuria ya maji. Kupika kahawa ilikuwa kazi yangu tangu nilipotimiza miaka kumi na moja. Niliichemsha ikawa nzito, nikaichuja kwa kitambaa safi, nikaiacha ipoe, kisha nikaimimina kwenye trei ya barafu na kuiweka ndani ya friza. Mama hakutaka barafu ya maji katika kahawa yake baridi. "Ikiyeyuka inaizimua," alisema. "Unabaki unakunywa maji ya kuoshea vikombe." Kwa hiyo tuligandisha kahawa yenyewe.

Kesho yake vipande vile vilikuwa tayari kusagwa. Hapo zamu yangu ilikoma, ikaanza zamu ya Chiriku.

Chiriku ni mtoto wa mama yangu mdogo, naye amenizidi mwaka mmoja. Alikuja kuishi nasi mwanzoni mwa muhula, mama yake alipohamishiwa kikazi mji mwingine na kupewa chumba katika bweni la wafanyakazi, mahali ambapo watoto hawaruhusiwi. Jina la Chiriku tulimpa siku ile ile ya kwanza, kwa kuwa aliongea hata akipiga mswaki. Alitia vipande vya kahawa ndani ya blenda, akaongeza maziwa baridi, sukari na mdalasini kidogo, akabonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, mpaka povu likajaa hadi kwenye kifuniko. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuinywa, maana kahawa ingetunyima usingizi. Tulionja kijiko kimoja tu, kisha tukajisagia ndizi mbivu na maziwa.

Mama ni fundi cherehani. Wateja wake huketi sebuleni wakisubiri kupimwa au kumaliziwa pindo, na jua linapokuwa kali huwapa kila mmoja glasi ya kahawa baridi.

"Jamani, huyu mtoto ana mkono!" alisema siku moja mwalimu mstaafu aliyekuja kupunguziwa gauni. "Fundi, umempata wapi?"

"Nimemwiba kwa mdogo wangu," alijibu Mama.

"Basi usimrudishe!"

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia tupu, nikisubiri mtu aulize kahawa ile ilipikwa na nani. Hakuna aliyeuliza.

Wivu wangu haukuja kwa siku moja. Ulianza kama kijiwe ndani ya kiatu, ukakua. Baba, ambaye zamani aliniita mpishi wake, sasa aliingia na kuuliza, "Chiriku yuko wapi? Koo limenikauka." Chiriku alipochekesha watu, nilikaza midomo nisicheke, ingawa kichekesho chenyewe kilikuwa kizuri. Aliponiita tucheze, nilisema kichwa kinaniuma. Niliyahesabu maneno yote mazuri aliyoambiwa, nami nikaona kana kwamba kila moja limechomolewa mfukoni mwangu.

Ndipo Shangazi alipopiga simu. Yeye husimamia mgahawa mkubwa katika mji ule ule alikohamishiwa mama yake Chiriku.

"Wifi, nasikia mna fundi wa kahawa baridi huko," alimwambia Mama. "Jumamosi nakuja kuonja. Kazi yake ikinipendeza, nitamchukua likizo nzima akae kwangu, nimfundishe."

Chiriku aliruka hadi akagonga kiti. "Nitamwona mama kila jioni! Mama mkubwa, kila jioni!" Kisha akanikumbatia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. Nilisimama wima kama mti wa bendera. Shangazi huyo ni dada wa baba yangu, wala si wa baba yake. Mbona hakuniulizia mimi?

Siku ya Ijumaa nilikuwa peke yangu jikoni. Machicha ya kahawa ya Alhamisi, ule unga uliokwisha kuchemshwa, yalikuwa bado ndani ya kitambaa cha kuchujia. Niliyatazama kwa muda. Nikayarudisha kwenye sufuria, nikayachemsha tena, na maji yalipotoka na rangi hafifu nikaunguza sukari kidogo na kuyatia weusi. Kwa macho hakuna ambaye angetambua. Nilijaza trei, nikafunga friza, nikajiambia kwamba sijaharibu kitu. Kahawa ni kahawa.

Shangazi alifika Jumamosi saa nne asubuhi, amevaa viatu vya kazini, na kicheko chake kilitangulia kuingia. Chiriku alikwisha kusaga. Alipochukua kijiko aonje, nilimharakisha, "Acha bwana, Shangazi anasubiri!" Akakiweka kijiko chini, akabeba glasi.

Shangazi alipiga funda moja. Akapiga la pili, dogo zaidi, kisha akaiweka glasi juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Peke yako?"

Chiriku alitutazama mmoja mmoja. "Labda nimezidisha maziwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Sawa, mwanangu. Wewe bado mdogo. Tutaonana mwaka ujao."

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa hamu, lakini ilipofika sikuona utamu wake. Nilimfuata Chiriku jikoni. Alikuwa anaosha blenda, machozi yakimdondokea kwenye povu la sabuni.

"Nilikwisha kumwambia mama," alisema bila kugeuka. "Amebadilishana zamu na wenzake ili jioni awe huru." Akajifuta pua kwa kiwiko. "Na wewe ulijisumbua kupika. Nimekuangusha, dada. Nisamehe."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kofi. Nilirudi sebuleni.

"Shangazi, si maziwa," nilisema. "Kahawa niliipika mimi. Nilichemsha machicha ya juzi."

Cherehani ya Mama ikanyamaza.

"Nilijua imechemshwa mara mbili," alisema Shangazi. "Nina miaka ishirini katika kazi hii. Mwanzo nilidhani ni ubahili wa wifi yangu."

"Ubahili wangu mimi?" Mama alishtuka.

"Kisha nikadhani ni ujanja wa yule mtoto, na mjanja siwezi kumweka mbele ya wateja." Alinikazia macho. "Kumbe nilikuwa namhukumu bure. Kwa nini umefanya hivyo?"

"Kila mtu anamsifu yeye," nilisema, nikaanza kulia. "Na kahawa ninapika mimi."

Mama alishusha pumzi. "Hilo la sifa ni kweli, na kosa ni langu. Lakini hili la machicha ni lako, mwanangu. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nilimwambia. Chiriku hakunipiga wala hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akatoka kwenda kukaa uani, akanipa mgongo.

Shangazi alitazama saa ya ukutani. "Nitaondoka jioni. Pika upya."

Nilipika kwa unga mpya, nikachuja, nikapooza, nikajaza trei. Kugandisha kahawa huchukua saa nne au zaidi, na sijawahi kuona saa ndefu kama zile. Niliosha glasi zilizokuwa safi. Nilipanguza meza mara tatu. Chiriku hakufungua mdomo hata mara moja. Vipande vilipokuwa tayari alikuja, akasema neno moja tu: "Nipishe." Alisaga, akaonja kijiko kimoja bila haraka, akapeleka.

Safari hii Shangazi aliimaliza glasi yote. "Jumatatu saa moja asubuhi, mfuko wako uwe mlangoni," alimwambia Chiriku. "Nitatuma mtu akuchukue. Na unisamehe kwa kukudhania vibaya."

Chiriku alipiga kelele, akakimbilia simu ya Mama kumpigia mama yake. Mimi nilibaki nikikusanya glasi.

"Wewe sikuchukui likizo hii," Shangazi aliniambia.

"Najua, Shangazi."

"Umeudhika?"

"Ndiyo," nilijibu, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kudanganya.

Alinivuta nikakaa kando yake. "Afadhali umesema. Sikiliza. Wivu wako umemwumiza Chiriku kwa siku moja, lakini wewe umekuumiza muhula mzima, na mwishowe umeiharibu kazi ya mikono yako mwenyewe. Ulistahili kusifiwa, basi ungemwambia mama yako mapema, kwa mdomo, jinsi ulivyoniambia mimi leo. Mwenzako akipewa sifa, zako hazipungui. Na kazi yako, mwanangu, ifanye vizuri hata siku ambayo hakuna atakayeuliza nani kaifanya."

Kutoka chumbani tulimsikia Chiriku akicheka na mama yake. Bado niliumia kidogo, sitaficha. Hata hivyo niliinuka, nikaenda kumtafutia mfuko wa safari.