Utaratibu wa Ukimya

Chai haikuwa na harufu. Devotha alidhani ni mafua. Akavunja kipande cha tangawizi mbichi kutoka kwenye gunia lililoegemea ukuta wa jiko, akakitafuna. Hakikuwasha wala kunukia. Katika nyumba ile ya milimani juu ya Maore, ambako hata mablanketi hunuka tangawizi, hilo halikuwa jambo dogo.

"Mama, imekuwaje?"

"Imeanza jana, siku uliyofika," mama yake, Hedwiga, alinong'ona huku akitazama mlango. "Ukungu ulikuwa unapanda. Nikasikia sauti ya mwanamume huko nje: 'Harufu ya tangawizi. Anayepinga aseme.' Sikuitika. Sauti usiyemwona mwenyewe haiitikiwi, si unajua?"

Devotha alijua. Watoto wa pale hufundishwa hilo mapema kama kusema shikamoo. Ila maneno yale, anayepinga aseme, aliyajua kwingine. Hayakuwa maneno ya kijijini. Yalikuwa ya kazini kwake.

Alikuwa mwanasheria wa serikali, mtu wa mikutano ya biashara ya kimataifa, wa kubishana na wazungu mpaka kwenye nukta na mkato. Huko maandishi ya mwisho hutolewa na kupewa muda. Asiyepinga mpaka muda uishe, basi amekubali. Wenyewe huuita utaratibu wa ukimya na huona ni ustaarabu mtupu. Mwaka huu kulikuwa na kifungu cha kuruhusu tangawizi ya nje iingie bila ushuru, na Devotha alikuwa amewaapia mama yake na Vitus, mdogo wake, kwamba hakitapita. Siku yenyewe homa ikamlaza hotelini. Paschal, mwenzake tangu chuo, mtu aliyekula Krismasi kwa Hedwiga si mara moja, alimfunika blanketi.

"Lala, Devo. Nitapinga mimi."

Akaenda, akakaa kitini, akanyamaza. Haukupita muda akapandishwa cheo. Watu wa aina hiyo tunao, wala hawakosi usingizi.

Siku ya kutia saini Devotha alisimama pamoja na wajumbe wenzake akapiga makofi, kwa kuwa mwanasheria wa serikali hamuumbui mwenzake mbele ya wageni. Moyo ulikuwa unamvuja damu. Vitus aliyaona makofi hayo kwenye simu.

Jioni ile ukungu ulipanda tena kutoka bondeni, ukameza migomba, ukameza zizi, na ndani yake kulikuwa na mtu anayekohoa taratibu kama anayejiandaa kuhutubia.

"Sauti ya Hedwiga," ilisema. "Anayepinga aseme."

Ilikuwa sauti ya Paschal, ile ya upole ya mikutanoni. Devotha alifumbua mdomo, lakini mama yake alikuwa amekwisha kumrukia na kuuziba kwa kiganja, macho yamemtoka, akitikisa kichwa kumsihi asiitike, na kadiri Devotha alivyojinasua ndivyo yule mama alivyozidi kumkandamiza kwa mapenzi yake yote, mpaka ukungu ukagusa kizingiti, na Hedwiga alipomwachia afungue kinywa amshukuru Mungu, hakikutoka kitu, hata pumzi haikusikika, yeye ambaye kwaya nzima ya usharika ilikuwa ikimfuata.

Asubuhi Devotha alimweleza Vitus yote, ya Paschal na ya ukungu. "Hilo linalosema ukunguni limenifuata kutoka kule mikutanoni. Linakula ukimya. Likitaja kitu, sema napinga kabla ukungu haujafika mlangoni."

Jioni likataja ng'ombe. "Napinga!" Devotha alipiga kelele.

"Tumepokea," sauti ilijibu kwa adabu, na ukungu ukarudi nyuma. Zizini ng'ombe akalia.

Tangu hapo hakulala. Milimani ukungu hauna saa, hupanda hata mchana, na kila ulipopanda alisimama mlangoni akaupinga, mpaka ile homa ya hotelini ikamrudia na miguu ikagoma. Vitus alimwongoza kitandani, akamfunika blanketi.

"Lala, dada. Nitapinga mimi."

Maneno yaleyale. Angeruka kitandani akimbie. Lakini mdogo wako uliyembeba mgongoni si mtu wa ofisini, au ndivyo tunavyojidanganya. Akalala.

Aliamshwa na harufu ya tangawizi. Ilijaa chumba kizima, kali, tamu, ya utotoni, akacheka peke yake akaenda jikoni akiwa mwepesi ajabu, homa yote imekwisha. Huko alimkuta mama yake akimpiga Vitus ngumi kifuani, mdomo wazi, machozi yanamwagika, bila sauti.

"Lilisema harufu irudi, dada aende," Vitus alikuwa akisema, ameinamisha kichwa. "Wanunuzi wa Hedaru wameikataa tangawizi yetu, mama. Kijiji kizima kitakula nini? Dada anasema Paschal ndiye aliyenyamaza. Paschal tulimwona wapi sisi? Tulimwona yeye, amesimama, anapiga makofi. Na mimi nikanyamaza."

"Napinga!" Devotha alisema. "Vitus, napinga! Mama!"

Hakuna aliyegeuka. Alimkimbilia mama yake amkumbatie, na mikono yake ikapita katikati ya yule mama, ikatokea upande wa pili ikiwa myeupe, yenye unyevu, ikichanganyika na ukungu uliokwisha kuingia ndani na kutanda sakafuni mpaka chini ya meza. Hedwiga alitetemeka kwa baridi, akaivuta khanga yake mabegani.

"Muda umekwisha, Devo," sauti ilisema nyuma yake, kwa upole sana, na mtu akamfunika blanketi.