Meno ya Ukuta wa Hathermere

Zama za panga na deraya, huko Uingereza, mtu hakujiamulia tu kuipa nyumba yake meno. Ukuta mnene, sawa. Handaki la maji, si neno. Lakini yale meno ya mawe juu ya ukuta, ambayo wapiga upinde hujificha nyuma yake, yalitaka idhini ya mfalme. Aliyeyajenga bila idhini alihesabiwa mwasi, na jirani mwenye husuda akapata kisingizio cha kumvamia.

Bibi Avisia, mjane wa Hathermere, alikwisha kutuma maombi kwa mfalme, naye alikuwa akingoja jibu. Jirani yake, Bwana Fulko, hakungoja. Alikuwa akilitamani bonde la Hathermere tangu mume wa Avisia akiwa hai. Asubuhi moja akatokea na jeshi lake, ngazi mabegani.

"Bibi, huku juu hatuna pa kujikinga!" alilia Osberto, mwashi mkuu. "Nipandishe mawe?"

"Thubutu! Hilo ndilo analoliombea, atuite waasi. Pandisha sufi."

Wakapandisha magunia ya sufi ya kondoo walionyolewa majuzi, wakayapanga ukutani: gunia, pengo, gunia, pengo. Mishale ya Fulko ikazama mle bila kumdhuru mtu. Ya Avisia ikachomoka mapengoni, na washambuliaji wakarudi nyuma mbio. Raha iliyoje!

"Umejenga meno bila idhini!" Fulko alinguruma.

"Naanika sufi, Bwana Fulko. Kwani mfalme amekataza kuanika?"

Hata askari wa Fulko walicheka. Yeye alipandwa na hasira, akashika mwenge, akavuka daraja la handaki, akalichoma lango kwa mkono wake. Mbao zikashika moto. Moshi ukawapofusha waliokuwa juu, na Avisia, kwa mara ya kwanza siku ile, akaogopa.

Ndipo tarumbeta ikalia barabarani. Mjumbe wa mfalme alikuja mbio, farasi akitoka povu, akipaza sauti: "Sikieni! Mfalme ameridhia nyumba hii iwe ngome! Atakayeishambulia amemshambulia mfalme!"

Ngazi zikaanguka chini zote. Mchimba kisima huingia mwenyewe: sasa mwasi alikuwa Fulko, na mwenge ulikuwa bado mkononi mwake.

"Bwana Fulko," Avisia aliita kutoka juu, akikohoa, "lango la mfalme linaungua."

Fulko akautupa mwenge. Akavua kofia yake ya chuma mbele ya watu wake wote, akashuka handakini kuteka maji.